Maradhi ya Akili na Moyo wa Mgonjwa

Watu wengi hudhani ya kuwa maradhi ya akili hukaa kichwani tu, na kwamba mwili wa mgonjwa hauna neno. Historia yatufundisha vingine.

Katika mwaka wa 1841 Mwingereza aitwaye William Farr, mtu mwenye elimu ya utabibu aliyekuwa akitunza hesabu za vifo katika ofisi ya serikali mjini London, alitoa taarifa juu ya vifo vya wagonjwa wa akili. Aliona ya kuwa vifo vyao vilikuwa mara tatu au zaidi ya vile vya watu wengine. Zama zile kifua kikuu na maradhi mengine ya kuambukiza yaliwaua wengi katika nyumba walimofungiwa.

Hata mwaka wa 1952 madaktari wawili wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walieleza jinsi dawa ya klorpromazini ilivyowatuliza wagonjwa wao katika hospitali ya Sainte-Anne. Baadaye, katika nchi nyingi, watu waliofungiwa miaka mingi walirudi makwao. Furaha ikawa kubwa. Walakini vifo vya mapema havikukoma. Kifua kikuu kilipopatiwa dawa, maradhi ya moyo yalishika nafasi yake.

Sababu ni nyingi. Wagonjwa wengi huvuta sigara, nazo katika hospitali kadha zilitolewa kuwa zawadi. Umaskini huwanyima chakula bora. Tena baadhi ya dawa, hasa klozapini na olanzapini, huongeza unene, na sukari na mafuta katika damu. Lililo baya zaidi ni dharau: mgonjwa akisema kifua chamuuma, huambiwa ni wazimu wake tu.

Mwaka wa 2004 vyama vya madaktari wa Marekani vilishauri kila atumiaye dawa za namna hii apimwe uzito, shinikizo la damu, sukari na mafuta. Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake mwaka wa 2018. Hata hivyo, wagonjwa hawa hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wenzao.

Haifai mgonjwa kuacha dawa bila shauri la daktari, kwa kuwa kuacha nako kuna hatari. Bali ndugu yako mwenye maradhi haya akilalamika kifua au pumzi, usimcheke; mpeleke akapimwe. Mdharau mwiba mguu huota tende.