Ndege inachomelewa kwa mwanga, na fundi wetu wa Bofu je?

Pita hapa Bofu, Likoni, utamkuta fundi na miwani yake nyeusi anachomelea geti au bodi ya matatu. Sasa mpe bati jembamba la aluminiamu uone atakavyokuna kichwa. Aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ile ngozi yake ya juu hungoja mpaka ipite 2,000. Ukizidisha moto kidogo tu, bati lishatoboka au lishapinda.

Msidhani ni shida ya jua kali peke yake. Ni moja ya sababu ndege zimeshikwa kwa ribiti miaka yote hiyo, maelfu kwa maelfu, na kila ribiti ni uzito.

Mwaka 1960, Mmarekani Theodore Maiman akawasha leza ya kwanza duniani. Lakini kutoka hapo mpaka kwenye ndege ilichukua miaka 40 na zaidi. Airbus A318, iliyoanza kubeba abiria 2003, baadhi ya mbavu za bodi yake zilichomelewa kwa leza, bila ribiti. Ikafuata A380, lile dege la ghorofa ndugu zetu wanaliona Dubai. Mwanga wa leza ni mwembamba, moto unakaa palepale, bati halipati nafasi ya kupinda.

Kwa hivyo jamani, tuache kusema kuchomelea ni kazi ya waliofeli shule. Swali lililowahangaisha mainjinia, fundi wa Bofu analijua kwa mkono wake. Alichokosa ni mashine na mtu wa kumfundisha. Vyuo vyetu vya ufundi vyangoja nini?