Barabara ya Sheikh Zayed: Lami iliyofuata umoja

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Mombasa anayefikia Deira, Dubai, kisha akaenda Sharjah kutafuta vipuri vya magari, huvuka mpaka wa tawala mbili bila kuulizwa pasipoti. Anachokumbana nacho ni msongamano wa magari tu. Hali haikuwa hivyo daima.

Katika miaka ya mwanzo ya 1960, Abu Dhabi na Dubai hazikuunganishwa kwa barabara ya lami. Magari yalifuata ufuko na tambarare za chumvi, na ardhi ilipolowa yalikwama. Kila sheikh alitawala eneo lake, chini ya ulinzi wa Uingereza.

Januari 1968, Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Wilson, alitangaza kwamba majeshi yake yangeondoka Ghuba ifikapo mwisho wa 1971. Tarehe 18 Februari 1968, Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan wa Abu Dhabi na Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum wa Dubai walikutana hemani, jangwani, kati ya miji yao miwili, wakakubaliana kuungana. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangazwa tarehe 2 Desemba 1971 ukiwa na falme sita. Ras al-Khaimah ilijiunga Februari 1972.

Umoja wa mkataba ulihitaji njia ya kupitia, na fedha za mafuta zikaileta. Leo barabara hiyo, iliyopewa alama E11, ina urefu wa zaidi ya kilomita 500, kutoka mpaka wa Saudi Arabia hadi Ras al-Khaimah. Kati ya falme saba, ni Fujairah pekee, iliyo ng'ambo ya milima, isiyopitiwa nayo.

Majina yake yanasimulia historia hiyo. Ndani ya Dubai iliitwa zamani Barabara ya Ulinzi. Baadaye ilipewa jina la Sheikh Zayed, mtawala wa ufalme jirani na rais wa kwanza wa nchi, aliyefariki dunia Novemba 2004. Kipande kinachokwenda Sharjah kinaitwa Al Ittihad, yaani Umoja.

Mwaka 1979, Malkia Elizabeth wa Pili alipofungua Kituo cha Biashara cha Dunia chenye ghorofa 39, jengo hilo lilizungukwa na mchanga. Januari 2010 ilifunguliwa Burj Khalifa, mita 828, mwendo mfupi kutoka hapo.

Hata hivyo, barabara iliyounganisha miji iliwatenga watu. Kabla ya kuwapo madaraja ya vituo vya Metro, reli iliyozinduliwa Septemba 2009, mtu wa miguu aliweza kulazimika kukodi teksi ili afike kwenye jengo la ng'ambo analoliona kwa macho. Kodi za nyumba zilipopanda Dubai, wafanyakazi wengi walihamia Sharjah na Ajman, na Metro haijavuka mpaka kuwafuata. Tangu Julai 2007, wenye magari hulipa pia ushuru wa barabara uitwao Salik.

Miongoni mwa wanaoamka kabla ya alfajiri kuwahi basi la Dubai wamo walinzi, madereva na wahudumu wa hoteli kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Masheikh wawili waliafikiana hemani kuondoa mpaka. Kwa wafanyakazi hawa mpaka bado upo, nao hupimwa kwa saa za usingizi wanazozipoteza katika barabara iitwayo Umoja.