Mipangilio ya kamera isiyo na kioo kwa picha za wanyamapori

Mipangilio ya kamera isiyo na kioo kwa picha za wanyamapori ni jumla ya mambo ambayo mpiga picha huyaamua kabla ya kukutana na mnyama: kasi ya shata, ukubwa wa mwanya wa lenzi, namba ya ISO, namna ya kulenga, idadi ya picha kwa sekunde na namna ya kuhifadhi faili. Maamuzi hayo hufanywa mapema kwa sababu mnyama wa porini hangoji. Duma anapomkimbiza swala, mbio zenyewe huisha kwa kawaida chini ya dakika moja. Mtu anayeanza kutafuta kitufe wakati huo hubaki na picha ya vumbi.

Makala hii inatumia mifano ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na maeneo jirani ya Tanzania na Kenya. Huko mpiga picha hukaa ndani ya gari, jua huwa kali kuanzia asubuhi, vumbi ni jingi, na wanyama wa rangi na mwendo tofauti huonekana katika siku moja.

Kamera isiyo na kioo

Katika kamera ya kidijitali ya aina ya DSLR, kioo kilichowekwa nyuma ya lenzi huelekeza mwanga juu kwenye kitazamio. Kitufe kinapobonyezwa, kioo huinuka ili mwanga ufike kwenye kihisi, yaani kipande cha kielektroniki kinachoupokea na kuugeuza kuwa picha. Kuinuka huko hutoa mlio na kumziba mpiga picha macho kwa muda mfupi.

Kamera isiyo na kioo haina sehemu hiyo. Mwanga hufika kwenye kihisi moja kwa moja, na mpiga picha hutazama skrini ndogo iliyo ndani ya kitazamio cha kielektroniki. Kwa hiyo huona picha itakavyokuwa, yenye giza au yenye mwanga, kabla ya kubonyeza. Aidha, kihisi chenyewe ndicho kinachotumika kulenga, hivyo kamera inaweza kutambua umbo la mnyama na jicho lake popote lilipo ndani ya fremu.

Kamera ya kwanza ya mfumo huu yenye lenzi za kubadilisha na fokasi ya kujiendesha ilikuwa Panasonic Lumix G1 ya mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa wapiga picha za wanyama waliendelea na DSLR, kwa sababu kamera mpya zilikuwa na fokasi ya polepole. Hali ilibadilika mwaka 2017 Sony ilipotoa A9, iliyoweza kupiga picha 20 kwa sekunde bila kitazamio kuwa giza. Canon na Nikon zilileta mifumo yao ya R na Z mwaka 2018. Mwaka 2021 Nikon ilitoa Z9, ambayo haina kabisa shata ya kimekanika.

Kasi ya shata, mwanya na ISO

Mwangaza wa picha hutegemea mambo matatu:

Kasi ya shata ni muda ambao kihisi hupokea mwanga. Mnyama aliyetulia anaweza kupigwa kwa 1/500 ya sekunde. Anayekimbia huhitaji 1/2000 au zaidi, na ndege mdogo arukaye huhitaji 1/3200 au zaidi.

Mwanya wa lenzi huonyeshwa kwa herufi f na namba. Namba ndogo, kama f/4, ina maana ya mwanya mpana unaoingiza mwanga mwingi. Mwanya mpana pia hupunguza kina cha sehemu inayoonekana kwa ukali. Kwa lenzi ya milimita 400 kwenye f/4, simba aliye umbali wa meta 15 ana kina cha ukali kisichozidi nusu meta. Simba wawili waliolala mmoja nyuma ya mwingine hawataonekana vizuri wote, na huhitaji f/8 au f/11.

ISO ni namba inayoonyesha jinsi kamera inavyokuza ishara iliyotoka kwenye kihisi. ISO kubwa huwezesha kupiga picha penye mwanga hafifu, lakini picha huonekana na chembechembe.

Mambo haya matatu hufungamana: moja likiongezwa, jingine hulipa. Kwa mfano, pundamilia anasimama na kamera iko kwenye 1/500, f/5.6 na ISO 400. Ghafla anaanza kukimbia, na kasi inayohitajika ni 1/2000. Kutoka 500 hadi 1000 ni hatua moja, na kutoka 1000 hadi 2000 ni hatua ya pili. Kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu, hivyo kihisi sasa kinapata robo tu ya mwanga wa awali. Ikiwa lenzi haiwezi kufunguka zaidi ya f/5.6, ISO lazima ipande hatua mbili: kutoka 400 hadi 800, kisha 1600.

Kwa sababu hesabu hii haifanyiki vizuri mnyama akiwa mbioni, wengi huchagua wenyewe kasi na mwanya, kisha huiachia kamera ipange ISO. Kamera nyingi huruhusu kuweka kikomo cha juu, kwa mfano 6400 au 12800. Kikomo kikiwekwa chini mno, picha za alfajiri huwa na giza. Chembechembe zinaweza kupunguzwa baadaye kwa programu ya kompyuta, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Wakati mwingine kasi ndogo huchaguliwa makusudi. Kundi la nyumbu wanaokimbia likifuatwa kwa kamera kwa 1/30 ya sekunde, miguu na nyasi huonekana kama michirizi huku vichwa vikibaki wazi kiasi. Njia hii huharibu picha nyingi kabla ya kupata moja nzuri.

Kurekebisha mwangaza

Kipima mwanga cha kamera hukadiria kwamba eneo linalopigwa lina mwangaza wa wastani, kati ya nyeupe na nyeusi. Mnyama mweusi au mweupe hulipotosha kadirio hilo. Nyati akijaza fremu, kamera huongeza mwanga na kumfanya awe kijivu, hivyo mwangaza hupunguzwa kwa takriban hatua moja. Yangeyange akijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na kumfanya awe kijivu pia, hivyo mwangaza huongezwa.

Ugumu huonekana yangeyange anapotua juu ya mgongo wa nyati. Kamera hupima weusi mwingi wa nyati na kuongeza mwanga, na manyoya ya ndege huwa doa jeupe lisilo na alama yoyote. Kinachotangulizwa ni weupe: mwangaza hupunguzwa mpaka manyoya yaonekane, kwa kuwa sehemu yenye giza inaweza kung'arishwa baadaye, ila sehemu iliyoungua kwa mwanga haina taarifa ya kurudisha. Histogramu, yaani mchoro wa mgawanyo wa mwanga unaoweza kuonyeshwa ndani ya kitazamio, husaidia kuona hatari hiyo kabla ya kubonyeza.

Fokasi

Fokasi hupangwa iwe endelevu, ili kamera iendelee kulenga mnyama anaposogea. Kwenye kamera za Sony na Nikon mpangilio huo huitwa AF-C, na kwenye Canon huitwa Servo. Utambuzi wa mnyama huwashwa, na kwenye baadhi ya kamera mtumiaji huchagua kati ya mnyama na ndege.

Eneo la fokasi huchaguliwa kulingana na mazingira:

- Ndege angani: eneo pana, kwa kuwa hakuna kitu kingine cha kuichanganya kamera.
- Mnyama kwenye uwanda wa nyasi fupi: eneo pana pamoja na utambuzi wa jicho.
- Chui mtini au simba ndani ya nyasi ndefu: nukta moja ndogo inayowekwa juu ya jicho, kwa kuwa katika eneo pana kamera hushika tawi au jani lililo mbele.

Wapiga picha wengi hutenganisha fokasi na kitufe cha kupigia picha. Fokasi huhamishiwa kwenye kitufe kilicho nyuma ya kamera, kinachobonyezwa kwa kidole gumba. Kidole kikiachia, fokasi husimama pale ilipo, hata tembo mwingine akipita mbele ya yule anayepigwa.

Shata ya kielektroniki na mfululizo wa picha

Kamera nyingi zisizo na kioo zina shata mbili. Shata ya kimekanika hutumia mapazia yanayofunguka na kufunga, na hutoa mlio. Shata ya kielektroniki huwasha na kuzima kihisi bila sauti, jambo linalofaa karibu na wanyama wenye woga au ndege aliye kiotani.

Shata ya kielektroniki ina kasoro yake. Vihisi vingi husomwa mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Usomaji ukichukua 1/30 ya sekunde, bawa la ndege huwa limehama kabla mstari wa mwisho haujasomwa, na katika picha hutokea limepinda. Kuongeza kasi ya shata hakuondoi tatizo hilo, kwa sababu chanzo chake ni muda wa usomaji. Kwa kamera za namna hiyo, shata ya kimekanika ndiyo inayofaa kwa mwendo wa kasi. Kamera za bei ya juu hutumia vihisi vya tabaka vinavyosomwa haraka zaidi. Sony A9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, husoma kihisi chote kwa mara moja.

Baadhi ya kamera zinaweza pia kuhifadhi picha za muda mfupi kabla ya kitufe kubonyezwa hadi mwisho. Njia hiyo humsaidia anayengoja mdiria aruke kutoka tawini, kwa kuwa mkono wa mtu daima huchelewa.

Idadi ya picha kwa sekunde huhitaji kiasi. Picha 20 kwa sekunde kwa sekunde 3 ni picha 60. Ikiwa kila faili ghafi, yaani RAW, ina megabaiti 50, hizo ni megabaiti 3,000 kwa tukio moja. Kwa mnyama aliyetulia, picha 5 kwa sekunde zinatosha.

Lenzi na kutuliza kamera

Lenzi za milimita 100 hadi 400 na 200 hadi 600 hutumika sana kwa wanyama. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo cha APS-C, lenzi ya milimita 400 huonyesha eneo sawa na lile la lenzi ya takriban milimita 600 kwenye kihisi kikubwa.

Kifaa cha kutuliza picha kilichomo ndani ya lenzi au kamera huzuia mtikisiko wa mikono, ila hakizuii mwendo wa mnyama. Ndani ya gari, injini huzimwa na lenzi hulazwa juu ya mfuko mdogo uliojazwa maharage au mchele, uliowekwa dirishani au ukingoni mwa paa lililo wazi. Wakati wa adhuhuri hewa ya moto hupepea juu ya ardhi na kuharibu ukali wa vitu vya mbali. Hakuna mpangilio wa kamera unaotibu hali hiyo. Tiba ni kungoja jioni au kumpiga mnyama aliye karibu.

Mipangilio ya kuanzia

Kamera nyingi zina nafasi za kuhifadhi mipangilio, kama C1, C2 na C3. Mfano wa kuanzia ni huu:

- Mnyama aliyetulia: 1/500, f/5.6, ISO ya kujiendesha, nukta moja ya fokasi, picha 5 kwa sekunde.
- Mnyama anayekimbia: 1/2000, mwanya mpana kabisa, ISO ya kujiendesha, eneo pana, picha 15 au 20 kwa sekunde.
- Ndege arukaye: 1/3200, mwanya mpana kabisa, ISO ya kujiendesha, utambuzi wa ndege, picha 20 kwa sekunde.

Vumbi, betri na kadi

Lenzi inapotolewa, kihisi cha kamera isiyo na kioo huwa wazi. Baadhi ya kamera huweza kupangwa ili shata ijifunge mbele ya kihisi kamera ikizimwa, na mpangilio huo hufaa kuwashwa kabla ya safari. Ni vema zaidi kutobadilisha lenzi gari likiwa kwenye vumbi. Betri nazo huisha haraka kuliko za DSLR, kwa sababu skrini na kihisi hufanya kazi muda wote, hivyo betri mbili au tatu za akiba huhitajika kwa siku moja. Kadi yenye kasi ndogo ya kuandika husababisha kamera kusimama katikati ya mfululizo.

Usalama wa wanyama

Mpangilio mmoja usiohusu ubora wa picha unaweza kugusa uhai wa mnyama. Kamera iliyounganishwa na simu, au yenye GPS, huweza kuandika ndani ya faili mahali hasa picha ilipopigwa. Picha ya kifaru mweusi wa Ngorongoro ikisambazwa mtandaoni pamoja na taarifa hiyo, jangili anaweza kujua pa kuanzia. Kwa wanyama wanaowindwa na majangili, uandikaji wa mahali huzimwa, au taarifa hiyo hufutwa kabla ya kusambaza picha.

Ukaribu nao una gharama. Duma huwinda mchana, wakati uleule wa magari ya watalii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu duma wa Maasai Mara, Kenya, ulionyesha kwamba majike katika maeneo yenye watalii wengi walikuza kwa wastani watoto 0.2 kwa kila uzao, huku wale wa maeneo yenye watalii wachache wakikuza 2.3. Hifadhini Serengeti gari haliruhusiwi kuacha njia kumfuata mnyama, na ndege zisizo na rubani hazirushwi bila kibali. Mnyama akiacha kula, akiinua kichwa na kumkazia macho mpiga picha, au akianza kuhama, gari limekaribia mno. Hapo hutumika lenzi ndefu zaidi, au picha huachwa.

Tazama pia

- Kamera
- Lenzi
- Hifadhi ya Taifa ya Serengeti
- Ujangili