Posta

Posta ni huduma ya kukusanya, kusafirisha na kugawa barua na vifurushi. Ni shirika linaloiendesha. Na katika mazungumzo ya kila siku ni jengo lenyewe. Neno la Kiingereza ni post, na safari yake ni ndefu.

Chanzo ni Kilatini posita, yaani "iliyowekwa". Nchini Italia posta ilikuwa kituo cha njiani, mahali alipowekwa mpanda farasi akimsubiri mwenzake, apokee barua na kukimbia nazo hadi kituo cha mbele. Kupitia Kifaransa poste neno likaingia Uingereza, na huko likaanza kuhama: kutoka kituo kwenda kwa mpanda farasi, kisha kwenye barua alizobeba. Kama kitenzi, post ilimaanisha kwanza kusafiri mbio kwa kubadilisha farasi. Kutumbukiza barua posta ni maana ya baadaye.

Lipo post jingine lisilo na undugu na hilo: nguzo, kutoka Kilatini postis. Matangazo yalibandikwa nguzoni, na humo ndimo kilimotoka kitenzi wanachotumia vijana, kuposti. Anayeposti picha za harusi kutoka Mbinga hadaiwi chochote na posta. Mail nalo, lililotupa imeili, lilikuwa jina la mfuko.

Wajerumani walifungua ofisi za posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890. Kwa kuwa nao husema Post, Waingereza walipotwaa nchi hapakuhitajika neno jipya. Bara, barua zilibebwa na matarishi waliotembea kwa miguu, na kuchelewa kwa habari kuliweza kugharimu meli nzima. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani huko Liuli, bandari ya ziwani, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen. Nahodha wa Kijerumani, meli yake ikiwa nchi kavu kwa matengenezo, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Mwingereza alikuwa nazo.

Shirika la pamoja la posta na simu la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Baadaye posta na simu zikatenganishwa, na Shirika la Posta Tanzania likaanza kazi mwaka 1994.

Katika Kiswahili neno limerudi kuwa mahali. Kiingereza huweza kusema post imefika, yaani barua; sisi tunakwenda posta. Jijini Dar es Salaam, Posta Mpya na Posta ya Zamani ni vituo vya daladala, na wengi wanaoshuka hapo hawana hata bahasha mkononi. Sababu mojawapo ya neno kuwa mahali ni sanduku la posta, S.L.P.: barua kwa kawaida hazikupelekwa nyumba kwa nyumba, zilifuatwa. Mfano ni Litembo, kwenye milima ya Wamatengo: ina misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1914 na hospitali ya Jimbo Katoliki la Mbinga. Hata hivyo anwani zake huandikwa S.L.P., namba, kisha Mbinga. Asiye na sanduku lake huazima la shule, la parokia au la mwajiri, na jina lake huandikwa juu ya jina la mwenye sanduku. Kwa utaratibu wa postikodi, kila kata nchini, Litembo ikiwamo, sasa ina namba yake ya tarakimu tano.