Anza na Wimbo Mmoja

Mwezi uliopita jirani yangu wa hosteli aliniomba nimchagulie nyimbo za kuanzia za jazz ya zamani, ile ya bendi kubwa. Nilifurahi kupita kiasi. Usiku uleule nikamtumia nyimbo arobaini na mbili. Siku tatu baadaye nikamuuliza ameonaje.

"Zote zinafanana," akasema. "Halafu magitaa yako wapi?"

Alitarajia kitu cha ukoo wa Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Kwetu neno jazz limezoeleka kwenye majina ya bendi za dansi kuliko kwenye muziki wa Harlem. Lakini kosa lilikuwa langu. Nasomea shahada ya uzamili ya historia, na kila wiki tunakumbushwa darasani kwamba rundo la nyaraka si hoja. Nikafuta orodha yote, nikaanza upya na wimbo mmoja, rekodi mbili.

Wimbo ni King Porter Stomp, uliotungwa na mpiga piano Jelly Roll Morton. Rekodi ya kwanza ni ya bendi ya Fletcher Henderson ya mwaka 1932, yenye jina New King Porter Stomp. Ya pili ni ya Benny Goodman, mwaka 1935. Nilimwambia asihangaike na wapiga solo kwanza, asikilize makundi. Tarumbeta na tromboni zinasema neno, saksafoni zinajibu, na kadiri mwisho unavyokaribia majibizano yanazidi kubana. Mtu aliyekulia kwenye ngoma au kwaya hahitaji kufundishwa jambo hilo; ni mwito na kiitikio. Henderson na mpangiliaji wake Don Redman walilifanyia kazi tangu miaka ya 1920, wakati ambapo Louis Armstrong naye alipita katika bendi hiyo.

Jirani yangu alirudi jioni. "Hawa wawili mbona wanaongea lugha moja?"

Ni kwa sababu aliyeipangilia rekodi ya Goodman ni Henderson mwenyewe. Mwishoni mwa 1934 bendi ya Henderson ilivunjika kwa ukata. Goodman alikuwa amepata nafasi katika kipindi cha redio kilichosikika Marekani nzima na alihitaji muziki mpya kila wiki, hivyo akawa ananunua kazi za Henderson. Agosti 1935, katika ukumbi wa Palomar mjini Los Angeles, vijana walizishangilia kazi hizo kiasi kwamba wengi huhesabu usiku ule kuwa mwanzo wa enzi ya swing. Goodman, Mzungu, akaitwa Mfalme wa Swing. Henderson, mtu mweusi, akabaki jina la wajuzi. Kwa haki, Goodman hakuficha deni hilo. Alimtaja waziwazi, na mwaka 1939 akamwajiri. Lakini kutajwa hakujaza mfuko kama redio ya taifa zima.

Baada ya hapo nilimwongezea rekodi mbili tu. Moja ni One O'Clock Jump ya Count Basie, 1937. Piano inaanza peke yake, wapigaji wanapokezana, kisha bendi yote inakusanyika kwenye vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa. Chini yake kuna gitaa la Freddie Green, halijitokezi, linahesabu tu mapigo. (Hilo hapo gitaa lako, nilimwambia.) Kwa mkataba wa kampuni ya Decca, Basie alipewa dola 750 kwa nyimbo 24, bila mrabaha hata senti moja. Kila mara santuri ile ilipouzwa, mkataba ule haukumpa Basie kitu.

Nyingine ni Ko-Ko ya Duke Ellington, 1940. Hii ni nzito, hadi inatisha kidogo. Tromboni ya Joe Nanton inanguruma kama mtu anayetaka kuongea, na besi ya Jimmy Blanton inatembea kwa ujasiri wa kijana wa miaka ishirini na kitu. Blanton alifariki mwaka 1942 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 23. Ellington mwenyewe alijulikana kupitia Cotton Club, klabu ya Harlem ambamo weusi walitumbuiza jukwaani huku viti vya wateja vikiwa vya Wazungu.

Zote ni za dakika tatu hivi, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya wakati ule haukubeba zaidi ya hapo. Ukiwa na safari ya daladala unazimaliza zote nne na kuzirudia.

Juzi nilimsikia jirani akimpigia rafiki yake King Porter Stomp. Alianza na ya Goodman. Nilitaka kugonga ukuta. Kabla sijanyanyua mkono akasema, "Subiri sasa umsikie mwenyewe," akaweka ya Henderson.