Bujora: Parokia Iliyotunza Ngoma

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, mwendo wa kilomita 20 hivi, unafika Kisesa. Hapo unaiacha barabara kuu na kupanda kuelekea kwenye mawe makubwa ya Bujora. Wageni wengi wanaopita njia hiyo huwa wanakwenda kuona Makumbusho ya Wasukuma. Ni vizuri wajue pia kwamba iliyoyazaa makumbusho hayo ni parokia ya kijijini.

Bujora ilianzishwa mwaka 1952 na Padri David Clement, mzaliwa wa Quebec, wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Enzi hizo, katika misheni nyingi, aliyetaka ubatizo alitazamiwa kuachana na ngoma kama anavyoachana na hirizi. Fumbuka alianzia kwingine. Alitaka kujua watu hawa huimba nini wanapolima, huwazikaje wafu wao, na humwitaje Mungu. Hapo ndipo ilipotokea Kamati ya Utafiti wa Utamaduni Bujora. Wenyeji waliketi na wazee, wakauliza, wakasikiliza, wakaandika. Mwaka 1988 sehemu ya mavuno hayo ilitoka katika kitabu, Imani za Jadi za Kisukuma, chenye misemo, hadithi, methali na desturi za maisha. Jina lililo kwenye jalada ni la kamati, na kwa maoni yangu ndivyo ilivyostahili, maana maneno yale yalikuwa ya wengi.

Utafiti huo uliingia hata kanisani. Jengo ni la duara, kwa mfano wa msonge. Tabernakulo nayo ni nyumba ya mtemi, yenye ngao na mikuki mlangoni, ishara kwamba mwenye nyumba yumo. Mzee wa Kisukuma hahitaji mahubiri marefu mbele ya mlango ule.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1968, na wakati ule haja ilikuwa kubwa. Utawala wa machifu ulikuwa umefutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma za enzi, viti na mavazi ya watemi vilibaki bila ikulu, na vitu vya namna hiyo visipopata pa kukaa huoza au huuzwa. Bujora ikavijengea banda lenye umbo la kiti cha mtemi. Kando yake kuna nyumba ya jadi yenye vyombo vyake, pamoja na mahali pa wahunzi na pa waganga.

Lakini banda ninalolipenda zaidi ni lile la wacheza ngoma. Linasimulia habari za Ngika na Gumha, waganga wawili wa karne ya 19 walioshindana kwa dawa na kwa kuvuta watu. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu, na mpaka leo makundi ya ngoma Usukumani hujitambulisha kwa upande mmojawapo. Maandishi peke yake yasingetosha hapa. Wimbo wa manju ukiandikwa unabaki na maneno yake. Jembe linalorushwa juu katika ngoma ya bugobogobo na nyoka anayebebwa na wachezaji wa bayeye havikai kwenye karatasi.

Kwa hiyo kila mwaka, majira ya Juni, parokia hufungua uwanja. Ni Bulabo, yaani maua, sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Ekaristi hutembezwa kwa maandamano, kisha Bagika na Bagalu huanza kushindana, kila upande na manju wake, na nyimbo mpya zilizotungwa kwa ajili ya msimu huo. Makundi hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi. Umati husimama katikati, masikio pande zote mbili. Kisha ngoma moja inapanda, na watu wanaanza kukimbilia huko.