EATRO: Maabara ya Mbung'o Jirani na Vilima vya Osukuru

Ukitoka Malaba kwenda Tororo mjini, jabali la Tororo unaliona mapema, limesimama peke yake juu ya mapaa ya mabati, mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Mkono wa kushoto, upande wa kusini, vimejipanga vilima vya Osukuru. Jabali na vilima vyote ni mabaki ya volkeno za kale, zilizozimika na kumomonywa na mvua kwa mamilioni ya miaka. Mawe ya Tororo yalianza kusagwa kuwa saruji miaka ya 1950, wakati Uganda ikijenga bwawa la Owen Falls kule Jinja. Udongo mwekundu wa mabonde ya Osukuru una fosfeti, zaidi ya tani milioni 200, pamoja na madini ya chuma. Hapo chini Wateso hulima wimbi, mtama na mihogo, na hufuga ng'ombe. Magharibi yao wako Wajopadhola. Ng'ambo ya mto Malaba, katika kaunti ya Busia nchini Kenya, wako Wateso wengine, ndugu wa damu, waliojikuta upande wa pili baada ya Waingereza kulimega jimbo la mashariki la Uganda mwaka 1902.

Ni nchi ya vijito, mafunjo na vichaka, na mbung'o wa hapa, Glossina fuscipes, hahitaji mbuga ya wanyama ili aishi. Hukaa kandokando ya maji. Akipata pia kichaka cha lantana kilichojiotea nyuma ya boma au kwenye shamba lililoachwa, huhamia humo. Jike hatagi mayai. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha mpaka akomae, kisha humwangusha kwenye udongo laini wa kivulini, na buu hujichimbia ardhini papo hapo. Mama anayekwenda kisimani na mtoto anayechunga ndama hupita hatua chache tu kutoka hapo.

Kati ya mwaka 1900 na 1920 malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o huyu, iliua watu wanaokadiriwa kufika robo milioni kandokando ya Ziwa Viktoria, hasa Busoga na Buganda. Mwaka 1903, huko Entebbe, Aldo Castellani alitangaza kwamba ameviona vimelea vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka huohuo David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevieneza. Serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka ufukweni. Miaka ya 1940 ikaingia Busoga aina nyingine, ile kali, inayoweza kumaliza mtu kwa miezi michache badala ya miaka.

Kwa sababu hiyo nchi tatu za Afrika Mashariki, zikiwa bado chini ya Waingereza, zilikuwa na shirika moja la kuchunguza tripanosoma, likijulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, EATRO. Katikati ya miaka ya 1950 maabara yake kuu ilikuwa Tororo. Kwangu mimi mahali pale palifaa kuliko pengine popote: treni za kutoka Mombasa zilipita hapo zikielekea Kampala, njia nyingine ikapanda Mbale na Soroti, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mlangoni, kusini kwenye ziwa na mashariki ng'ambo ya mpaka. Shirika lilianza chini ya Tume Kuu ya Afrika Mashariki, likarithiwa na Shirika la Huduma za Pamoja mwaka 1961, kisha na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1967.

Mkurugenzi wake kuanzia 1957 hadi 1963 alikuwa W. H. R. Lumsden, daktari wa Kiskoti. Wakati wake Tororo ilifanya jambo ambalo wengi hawalijui. Kabla ya hapo, kimelea kilichotolewa kwa mgonjwa kililazimika kuhamishwa kutoka panya mmoja hadi mwingine kila baada ya siku chache, na kadiri kilivyohamishwa ndivyo kilivyobadilika, hata mtafiti asiwe na hakika anachokiona ndicho alichokitoa kijijini. Lumsden na wenzake, akiwemo M. P. Cunningham, walichanganya damu yenye vimelea na gliserini, wakaitia katika vijirija vyembamba vya kioo, wakaigandisha kwenye barafu kavu kwa nyuzi 79 chini ya sifuri. Ikiyeyushwa baadaye, vimelea viliamka vilevile kama siku vilipotolewa. Kila fungu likapewa namba. Fungu la EATRO 1125, lililotoka kwa pongo nchini Uganda mwaka 1966, lilifika Antwerp, Ubelgiji, na vizazi vyake vikawafundisha wanasayansi jinsi tripanosoma inavyobadili ganda lake la protini ili kinga ya mwili isiitambue. Mpaka leo makala za kisayansi kutoka Ulaya na Marekani hutaja namba zinazoanza na EATRO, na wasomaji wake wengi hawajui kwamba jina hilo lilitoka Tororo.

Hata hivyo kazi ninayoiona kubwa kuliko zote ilifanyika Alego, katika kaunti ya Siaya ya leo, nchini Kenya. Mwaka 1964 malale ililipuka huko. Ilikwishajulikana tangu 1958 kwamba pongo wa porini hubeba kimelea kinachoambukiza binadamu. Lakini Alego watu waliugua wakiwa nyumbani kwao, palipo na ng'ombe wengi kuliko pongo. Watafiti wa EATRO, R. J. Onyango, K. van Hoeve na P. de Raadt, walichukua damu ya ng'ombe wa maboma yale, wakavikuza vimelea kwenye panya, kisha wakathibitisha kwa mtu aliyejitolea kwamba vinaambukiza binadamu. Ng'ombe wenyewe walionekana wazima. Matokeo yalichapishwa mwaka 1966. Kwa Mteso au Mjaluo, ambaye ng'ombe ni mahari yake, jembe lake na akiba yake, habari hii ilikuwa nzito: hatari ililala zizini.

Nyuma ya majina hayo matatu walikuwapo vijana wa vijijini walioajiriwa kukamata mbung'o. Walizunguka vichakani na nyavu za mkono, wakimngoja mbung'o aje kuwauma wao ili wamnase. Walikuwa chambo na wavuvi kwa pamoja. Majina yao hayakuwekwa juu ya makala yoyote, na hili linaniuma, kwa sababu bila wao maabara isingekuwa na kitu cha kupima.

Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Upande wa Uganda, EATRO ikawa UTRO. Kenya ikaunda taasisi yake, KETRI, yenye makao Muguga karibu na Nairobi na kituo Alupe, Busia, mwendo mfupi wa gari kutoka Tororo. Utafiti wa ugonjwa mmoja, wa mbung'o mmoja wa mto uleule, ukagawanywa na kizuizi cha barabarani.

Isingekuwa saa mbaya zaidi. Malale ilikwishaanza upya Busoga mwaka 1976, mashamba yakiwa yamegeuka vichaka vya lantana na wauguzi wakiwa wamekimbia utawala wa Amin. Wagonjwa zaidi ya 20,000 waliandikishwa katika miaka iliyofuata, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa ulikuwa umeingia Tororo yenyewe. Hospitali ya taasisi ya Tororo, ambayo watu wa hapa wanaijua kwa jina la LIRI, ililaza wagonjwa waliodungwa melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyoweza kumuua yule iliyokuja kumponya. Vijijini ikatundikwa mitego ya kitambaa: buluu ya kumvuta mbung'o kutoka mbali, nyeusi ya kumfanya atue, na chandarua cheupe juu, kwa kuwa mbung'o akitaka kutoroka huruka kuelekea penye mwanga.

Mwaka 2006 Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walipoanza kampeni ya kutibu ng'ombe kwa wingi kaskazini mwa Uganda, walikuwa wakifuata kile kilichogunduliwa Alego. Ng'ombe hudungwa sindano ya kuua vimelea, kisha hunyunyiziwa dawa miguuni na tumboni, sehemu ambazo mbung'o hupenda kuuma. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitambua kwamba Kenya imeitokomeza malale kama tatizo la afya ya jamii. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi alipatikana mwaka 2009.

Osukuru sasa inatajwa zaidi kwa kiwanda cha fosfeti cha Wachina, kilichofunguliwa mwaka 2018 baada ya familia nyingi kuhamishwa kwenye ardhi yao. Mwaka 2027 inatimia miaka 50 tangu EATRO igawanywe. Waliokamata mbung'o kwa nyavu miaka ya 1960 sasa ni wazee, wanakaribia au wamepita miaka 80. Taasisi zilizorithi EATRO, za Uganda na za Kenya, ziwatafute waliobaki, pande zote mbili za mto Malaba, ziandike majina yao na yale wanayoyakumbuka, na ziyaweke pamoja na rejista za mafungu yale yenye namba.